Mkopo wa mwaka wa kwanza: jinsi ya kuomba kwa Bodi bila kukwama kwenye makaratasi

Majina ya waliopangiwa mkopo wa elimu ya juu huanza kutoka Oktoba, lakini kinachomwangusha mwombaji mara nyingi kilishatokea Juni au Julai: cheti cha kuzaliwa kisichoonekana kwenye kumbukumbu za RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo), herufi moja iliyozidi kwenye jina, ukurasa wa fomu uliopakiwa bila muhuri. Kijana mwenye uhitaji wa kweli, aliyefaulu vizuri, anaweza kubaki nyumbani kwa sababu ya karatasi ambayo ingerekebishwa kwa wiki mbili kama angeianza mapema. Kwa hiyo maelezo haya yanakaa zaidi kwenye makaratasi, na yanamhusu anayemaliza kidato cha sita au stashahada Tanzania Bara, pamoja na mzazi au mlezi anayemsaidia.

Anayetoa mkopo ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Kila mwaka Bodi hutoa mwongozo wake kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Usome ule wa mwaka wako, siyo wa kaka yako aliyeingia chuo miaka mitatu iliyopita, maana vigezo na viwango hubadilika. Unapatikana bure kwenye tovuti ya Bodi, kwa Kiswahili pia.

Anza kabla ya JKT

Mwaka 2024 dirisha lilifunguliwa Juni 1, mwaka 2025 likafunguliwa Juni 15, na miaka yote miwili tarehe ya mwisho iliyotangazwa ilikuwa Agosti 31. Ni miezi ileile ambayo vijana wengi wa kidato cha sita wako kwenye kambi za JKT kwa mujibu wa sheria, ambako simu hupatikana kwa shida na wakili wa kugonga muhuri hayupo. Usihesabu kwamba utarudi Agosti na kumaliza kila kitu kwa wiki moja. Uhakiki wa cheti peke yake unaweza kuila wiki hiyo.

Habari njema ni kwamba huhitaji kusubiri matokeo ya kidato cha sita. Maombi hufunguliwa kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, na vyeti vya kuzaliwa na vya vifo unaweza kuvihakiki hata Machi, ukiwa bado unajisomea. Kama unakwenda kambini, acha nyumbani bahasha yenye vyeti vyote halisi kwa mtu mmoja unayemwamini, umwandikie na namba zako zote za mitihani kwenye karatasi. Nywila ya akaunti yako mpe mzazi au ndugu wa damu, si mtu wa stationeri.

Nani anaruhusiwa kuomba

Uwe Mtanzania, umri usizidi miaka 35 wakati wa kuomba, uwe umedahiliwa kusoma kwa muda wote katika chuo kinachotambuliwa, usiwe na ajira wala mkataba rasmi unaokulipa, na uwe umemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Aliyewahi kupata mkopo akaacha masomo ana deni la kushughulikia kwanza kabla ya kuomba upya.

Zaidi ya hapo Bodi huangalia uhitaji. Yatima, mwenye ulemavu au mwenye mzazi mwenye ulemavu, anayetoka kaya inayosaidiwa na TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), na aliyesomeshwa na mfadhili tangu sekondari wana nafasi nzuri, ila tu kama uthibitisho upo kwenye mfumo. Kozi nayo inahesabika. Bodi huzipanga kozi kwa makundi ya kipaumbele, na fani kama udaktari, ualimu wa sayansi na hisabati na uhandisi zimekuwa zikikaa juu. Hiyo haimaanishi uchague udaktari kwa ajili ya mkopo. Angalia tu kozi yako iko kundi gani ili familia ijue mapema ijiandae kwa kiasi gani.

Cheti cha kuzaliwa: hapa ndipo pa kukaza

Chukua cheti cha kuzaliwa, matokeo au cheti cha kidato cha nne, na namba ya NIDA kama unayo. Viweke mezani sambamba. Soma jina la kwanza kwenye karatasi zote tatu, herufi kwa herufi, ukipitisha kidole. Kisha la kati, kisha la ukoo, kisha tarehe ya kuzaliwa. Usisome kwa haraka kwa sababu ni jina lako. Macho hulizoea jina la mwenyewe na kuruka kosa. Yanayojitokeza sana ni haya: Mohamed na Mohammed, Elizabeth na Elizabeti, jina la babu lililoko kwenye cheti cha kuzaliwa lakini halipo kwenye cheti cha shule, na mwaka wa kuzaliwa uliopunguzwa wakati wa kuandikishwa darasa la kwanza.

Ukikuta tofauti, usiombe ukitegemea kwamba watakuelewa. Mfumo unalinganisha, hauelewi. Jina lililosajiliwa mtihani wa kidato cha nne ndilo litakalokufuata chuoni na kwenye mkopo, kwa hiyo karatasi nyingine ndizo zinazovutwa zilifuate. Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, nenda kwa msajili wa RITA aliyeko ofisi ya Mkuu wa Wilaya ueleze linalotakiwa kusahihishwa. Kama majina yenyewe yanapishana, wakili atakuandalia hati ya kiapo au ya kubadili jina, kutegemea ukubwa wa tofauti. Kazi hii haiendi kwa siku moja, na ndiyo sababu inafanywa Machi.

Majina yakishalingana, cheti kinahakikiwa. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa eRITA, unapakia nakala ya cheti, unalipa kwa kontroli namba, kisha unasubiri. Jibu likiwa zuri unapewa namba ya uhakiki, na hiyo ndiyo utakayoiingiza kwenye maombi ya mkopo. Wazaliwa wa Zanzibar hufanya hivyo kupitia wakala wa usajili wa huko, ZCSRA. Cheti kikirudishwa kwamba hakipo kwenye kumbukumbu, mara nyingi ni cha zamani kilichoandikwa kwa mkono, au kilitolewa na mtu asiye msajili. Hapo hakuna njia ya mkato, ni kwenda ofisi ya wilaya uliyozaliwa kusajiliwa upya. Wapo vishoka wanaojitolea kukutafutia cheti kwa siku mbili. Cheti cha namna hiyo ndicho kitakachorudishwa.

Vyeti vya vifo vinapita njia hiyohiyo. Yatima wengi wanaumia hapa: baba alifariki kijijini, akazikwa, hakuna aliyekwenda kusajili kifo. Kwenye fomu utaandika kwamba baba ni marehemu, lakini bila cheti kilichohakikiwa mfumo unamhesabu kama mzazi aliye hai. Barua ya mwenyekiti wa kijiji haizibi pengo hilo. Kifo cha miaka kumi iliyopita bado kinasajilika, ila inabidi mtu wa familia aende ofisi ya wilaya mwenyewe na atumie muda.

Kwa ulemavu kuna fomu inayosainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Kwa TASAF inatakiwa namba ya kaya, iliyopo kwenye kitambulisho cha mnufaika, siyo namba ya simu ya mratibu. Aliyesomeshwa na mfadhili achukue barua ya uthibitisho kutoka kwa taasisi iliyomlipia, na hasa kama alisoma shule ya kulipia, kwa sababu bila barua hiyo inaonekana mzazi ndiye aliyekuwa akilipa zile ada.

Kujaza maombi kwenye mfumo

Maombi yanafanyika olas.heslb.go.tz. Hakikisha anwani inaishia na go.tz kabla ya kuandika chochote. Unajisajili kwa namba ya kidato cha nne, na ni lazima iwe ileile uliyotumia au utakayotumia kuomba chuo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili au zaidi: achague moja ya kuombea, chuo na mkopo, na nyingine aziorodheshe pale mfumo unapouliza. Akiomba chuo kwa namba ya 2020 na mkopo kwa namba ya 2021, kwa Bodi huyo ni mtu ambaye hajapata chuo, na kwa chuo ni mtu ambaye hajaomba mkopo. Kosa hili ni dogo kulifanya na ni gumu mno kuligundua, kwa sababu pande zote mbili zinaonekana ziko sawa.

Ada ya maombi ni Sh30,000, hairudishwi, na inalipwa kwa kontroli namba utakayopewa na mfumo, kwa benki au kwa simu. Hakuna malipo mengine unayotakiwa kumpa mtu yeyote. Anayedai laki moja ili "akuwekee jina" anakuibia, hata kama anajua majina ya maofisa.

Wengi hujazia stationeri, na hakuna ubaya, ila kaa pembeni ya anayekuandikia na usome kila ukurasa kabla hajaenda unaofuata. Angalia zaidi namba ya simu na barua pepe. Mwandishi aliyechoka, mwenye foleni ya watu ishirini, huweka namba yake mwenyewe ili apokee ujumbe haraka, kisha miezi miwili baadaye unahitaji kubadili nywila na ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu usiyemjua. Namba iwe yako, laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na usiitupe mpaka umalize chuo. Akaunti ya benki nayo iwe kwa jina lako, kama lilivyo kwenye vyeti. Akaunti ya mama haifai.

Mdhamini anaweza kuwa mzazi, mlezi au mtu mwingine mzima anayekubali. Andaa picha yake ya pasipoti na nakala ya kitambulisho chake, kama NIDA, cha mpiga kura, leseni ya udereva au pasipoti. Jina la mdhamini kwenye fomu liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho hicho, siyo "Mama Neema".

Sahihi na mihuri

Ukimaliza kujaza, unachapisha fomu pamoja na mkataba wa mkopo. Zinasainiwa na wewe, mdhamini wako, kiongozi wa serikali ya mtaa, kijiji au shehia, na kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu. Anza na mdhamini, kisha mwenyekiti, wakili awe wa mwisho, maana yeye anathibitisha kilichokwisha kusainiwa.

Kisha zinaskaniwa kurasa ulizoelekezwa na kupakiwa. Hapa chukua dakika kumi. Karatasi ilazwe kwenye skana, isipigwe picha kwa simu juu ya goti. Fungua faili ulilopata, likuze, utazame muhuri: je, jina la kiongozi na tarehe vinasomeka, au wino umemwagika ukafunika sahihi? Je, kona ya chini ambako mdhamini alisaini imekatwa? Je, ukurasa uliopakia mahali pa mdhamini kweli ni wa mdhamini? Muhuri usiosomeka ni sawa na fomu isiyo na muhuri. Baada ya kutuma, rudi kwenye akaunti baada ya siku chache uone kama maombi yamepokelewa yakiwa kamili. Bodi imekuwa na kawaida ya kufungua muda wa marekebisho kwa waliokosea, lakini hutajua kwamba umo kama huingii kwenye akaunti yako. Karatasi zote zilizosainiwa tunza, hata baada ya kupata mkopo.

Ukidahiliwa vyuo viwili

Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa msimbo anaotumiwa na kuingiza kwenye mfumo wa chuo anachokitaka. TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, wakishapata uthibitisho ndipo Bodi inajua uko wapi na unasoma nini. Asiyethibitisha anabaki hewani, na mkopo hauna pa kupelekwa. Kila mwaka wapo wanaosubiri waone kwanza mkopo ndipo wachague chuo. Mambo yanakwenda kinyume, chuo kwanza. Ukihama chuo au kozi baadaye, fanya hivyo ndani ya muda wa uhamisho uliotangazwa na kwa kibali, ili mkopo ukufuate.

Kusoma ulichopangiwa

Majina hutoka kwa awamu. Kukosa ya kwanza siyo kukosa mkopo, kwani ya pili na ya tatu hufuata, hasa kwa waliochelewa kudahiliwa. Tazama kwenye akaunti yako binafsi, inayoitwa SIPA, siyo kwenye orodha zinazosambazwa WhatsApp.

Utaona vipengele, kila kimoja na kiasi chake: chakula na malazi, ada ya masomo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Kiwango cha chakula na malazi ni hadi Sh10,000 kwa siku, na vitabu na viandikwa Sh200,000 kwa mwaka. Ada ndiyo inayopishana sana. Mmoja hupewa yote, mwingine sehemu tu, na mwingine hupata chakula na malazi bila senti ya ada.

Piga hesabu siku hiyohiyo. Tuseme ada ya kozi ni Sh1,300,000 na umepangiwa asilimia 60, yaani Sh780,000. Zinabaki Sh520,000 juu yako. Ongeza bima ya afya ya mwanafunzi Sh50,400 na ada ya TCU Sh20,000, umefika Sh590,400, na bado michango ya chuo yenyewe kama usajili, kitambulisho na serikali ya wanafunzi, ambayo imo kwenye barua ya udahili. Mzazi aambiwe namba hiyo Oktoba, siyo siku ya kupanda basi. Vyuo vingi huruhusu kulipa ada kwa awamu, lakini inabidi uulize ofisi ya uhasibu na upewe jibu kwa maandishi.

Kama kiasi ni kidogo kuliko uhitaji wako, au umekosa kabisa, kuna rufaa. Dirisha lake ni fupi, mara nyingi siku chache, na hutangazwa baada ya awamu za mwanzo. Rufaa isiyo na karatasi mpya haina nguvu. Inayosikilizwa ni ile inayoleta kitu ambacho hakikuwepo: cheti cha kifo kilichochelewa kuhakikiwa, fomu ya ulemavu, barua ya mfadhili. Kuandika kurasa tatu za kueleza maisha magumu bila kiambatanisho hakubadilishi kilichomo kwenye mfumo.

Wiki za kwanza chuoni

Bumu, kama wanafunzi wanavyoiita fedha ya kujikimu, haikusubiri getini. Lazima kwanza usajiliwe na chuo, kisha ujisajili kwa alama za vidole kwenye mfumo wa DiDiS kwa ofisa mikopo wa chuo, ndipo usaini malipo. Hatua hizo zinaweza kuchukua wiki kadhaa. Nenda na fedha ya kula na kulala ya angalau mwezi mmoja, kwa sababu mwanafunzi anayefika na nauli tu huanza kukopa kwa wenzake wiki ya pili, na bumu ikiingia inaishia kwenye madeni.

Bumu hutolewa mara nne kwa mwaka wa masomo. Kwa siku 60 inakuwa Sh600,000, inayoonekana nyingi siku inapoingia. Lipa kodi ya chumba kwanza kwa kipindi chote, kisha gawanya iliyobaki kwa siku. Kila awamu ina sahihi yake na muda wake. Usiposaini, fedha hurudishwa Bodi. Kidole kikigoma kusomeka, jambo linalowapata hasa waliozoea kazi za shamba au za kufua, mwone ofisa mikopo siku hiyohiyo badala ya kurudi bwenini kusubiri foleni ipungue.

Ufadhili usiorudishwa

Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, ni kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa tahasusi za sayansi kidato cha sita na kudahiliwa kozi za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Inabeba gharama zote na hairudishwi, ila mnufaika anatakiwa kulinda GPA (wastani wa ufaulu chuoni) isiyopungua 3.8. Kama ufaulu wako uko karibu na hapo, fuatilia orodha ya wanaostahili, lakini usiache kuomba mkopo ukiisubiri.

Mzanzibari ana pia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Atachukua upande mmoja, siyo miwili kwa pamoja. Nafasi za kusoma nje zinazotolewa na nchi rafiki kama China, Algeria na Morocco hutangazwa na Wizara ya Elimu, na muda wa kuomba huwa mfupi, kwa hiyo pasipoti ya kusafiria na vyeti vilivyothibitishwa viwe tayari kabla ya tangazo.

Deni lenyewe

Soma mkataba kabla ya kusaini, kwa sababu huu ni mkopo. Urejeshaji unaanza baada ya miezi 24 tangu kumaliza masomo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Mwenye mshahara wa Sh800,000 atakatwa Sh120,000, na deni la Sh10,000,000 litamchukua karibu miaka 7. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji, ambazo kaka na dada zako walizilalamikia, ziliondolewa mwaka 2021. Bado hakikisha unatunza kumbukumbu ya kila awamu uliyosaini, kiasi na tarehe, tangu bumu ya kwanza. Siku utakapoletewa hesabu ya deni, utailinganisha na daftari lako mwenyewe.